Nyanya za kiangazi zinataka maji kiasi gani? Njia nne za kujua, zikilinganishwa kwa mashamba ya Lindi na Mtwara

Mkulima wa bustani aliye bondeni mwa Lukuledi mwezi wa Septemba ana maswali mawili, na mara nyingi huyachanganya yakawa moja. La kwanza: mimea yangu inatumia maji kiasi gani kwa siku? La pili: nimwagilie leo, au nisubiri kesho kutwa? Jibu la kwanza ndilo linaloamua ukubwa wa pampu, wa tangi, na hata wa shamba lenyewe. Jibu la pili ndilo linaloamua kama maua yatapukutika kwa kiu au mizizi itaoza kwa kujaa maji. Njia ninazolinganisha hapa hazijibu maswali haya kwa uzito sawa, na ugomvi mwingi kuhusu "njia ipi ni sahihi" unatokana na watu wawili wanaoulizana maswali tofauti.

Nimezipima zote kwa vigezo vilevile: swali inalojibu, inachotaka mkononi na mfukoni, mahali inapokosea kwa udongo na hewa ya kusini, na mtu inayemfaa. Ili tusipotee kwenye maneno, tutumie shamba moja la mfano: robo eka ya nyanya, yaani kama mita za mraba 1,000, zimeshafunga majani na kuanza kuzaa, mwezi ni Septemba na mvua hakuna.

Kipimo kimoja kinahitajika kabla ya yote. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa eka nzima ni karibu lita 4,000. Ukishalishika hilo, nusu ya vitabu vya umwagiliaji inasomeka.

1. Hesabu ya hali ya hewa

*Swali inalojibu.* Kiasi. Inakuambia shamba litahitaji lita ngapi kwa siku au kwa mwezi, hata kabla hujapanda mche.

*Inavyofanyika na inachotaka.* Hatua ni mbili. Kwanza unatafuta kiu ya hewa, ambayo wataalamu huiandika ETo: maji ambayo jua, joto na upepo yangeyavuta kutoka kwenye majani mafupi yaliyoshiba maji. Kisha unaizidisha kwa namba ya zao, Kc, kulingana na umri wake.

Namna nyepesi ya kupata ETo ni kanuni ya Blaney-Criddle. Chukua wastani wa joto la mwezi, zidisha kwa 0.46, ongeza 8, halafu zidisha kwa namba inayoonyesha urefu wa mchana kwa latitudo yako. Lindi mjini imekaa karibu kabisa juu ya latitudo 10 kusini, na Mtwara iko hapohapo chini kidogo, kwa hiyo safu ya nyuzi 10 kwenye jedwali la namba hizo inatufaa wote: Julai 0.26, Agosti na Septemba 0.27, Oktoba na Novemba 0.28, Desemba 0.29. Tukikadiria wastani wa nyuzi 25 kwa Septemba: 0.46 mara 25 ni 11.5, ongeza 8 ni 19.5, mara 0.27 ni kama milimita 5.3 kwa siku.

Sasa zao. Nyanya huhesabiwa 0.6 zikiwa changa, 1.15 zikiwa katikati ya kuzaa, na hushuka kwenye 0.8 hivi mwishoni. Kitunguu ni 0.7, kisha 1.05, kisha 0.75. Tikiti huanza na 0.4 tu na kufika 1.0. Nyanya zetu ziko katikati: 5.3 mara 1.15 ni milimita 6. Kwa mita 1,000 za mraba, hizo ni lita 6,000 kila siku.

Hebu zigeuze kuwa ndoo za lita 20: ndoo 300, kwa siku, kwa robo eka. Namba hiyo peke yake inatosha kumzuia mtu asilime zaidi ya uwezo wa mgongo wake. Na bado hatujahesabu maji yanayopotea njiani. Kwa mipira ya matone huchukuliwa kwamba asilimia 90 ya maji inaufikia mmea, kwa hiyo utahitaji kama lita 6,700. Kwa mifereji ya shambani ni asilimia 60, unafika lita 10,000. Kama maji hayo yanakuja kwa mfereji wa udongo wa kichanga, hata mfupi usiofika mita 200, toa tena sehemu ya tano njiani, na chanzoni utalazimika kuchukua lita 12,500. Kila Agosti, kwenye viwanja vya Nanenane vya Ngongo, kuna anayevutiwa na tangi la lita 5,000 bila kufanya hesabu hii ya mistari minne. Tangi hilo likiwa limejaa haliifikishi robo eka ya nyanya machweo.

Ukitaka hesabu nzito zaidi, kuna kanuni ya Penman-Monteith iliyoelezwa kwenye kitabu namba 56 cha FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, cha mwaka 1998. Hiyo inataka joto, unyevu wa hewa, upepo na saa za jua. Kompyuta yenye programu ya CROPWAT, inayotolewa bure na FAO, inaifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Takwimu za joto na mvua huulizwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania.

Mvua zikianza, usizitoe zote kwenye hesabu, kwa sababu nyingine inatiririka na nyingine inazama chini ya mizizi. Kwa mwezi uliopata zaidi ya milimita 75, zidisha mvua kwa 0.8 na utoe 25. Mwezi wa milimita 100 unahesabiwa umekupa 55.

*Inapokosea.* Blaney-Criddle inajua joto tu. Mahali pakavu, penye jua kali na upepo, inaweza kupunguza kiasi kwa hadi asilimia 60. Mahali palipotulia, penye unyevunyevu na mawingu, huongeza kwa hadi asilimia 40. Pwani yetu ina unyevu wa bahari, lakini pia ina kusi, na kusi ikivuma mchana kutwa majani yanasinyaa ingawa joto ni lilelile la jana. Bustani iliyo Mikindani na iliyo Nachingwea haziwezi kuwa na namba moja.

*Inayemfaa.* Anayepanga: mwenye kununua pampu, kuchimba kisima, kuandika andiko la mkopo, au kikundi kinachoomba kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Huko hakuna atakayekuelewa ukisema unahitaji "maji ya kutosha".

2. Sufuria ya uvukizaji

*Swali inalojibu.* Kiasi pia, ila cha wiki hii, kwa hewa iliyopo shambani kwako. Hesabu ya kwanza inajua Septemba ya kila mwaka; sufuria inaijua Septemba hii.

*Inavyofanyika na inachotaka.* Kifaa rasmi kiitwacho Class A ni beseni la bati la duara lenye upana wa sentimita 120.7 na kina cha sentimita 25, linalowekwa juu ya fremu ya mbao sentimita 15 kutoka ardhini. Unasoma maji yameshuka milimita ngapi kwa siku, unazidisha kwa namba ya sufuria, ambayo mara nyingi huwa karibu 0.7, halafu unazidisha kwa Kc ileile ya nyanya. Maji yakishuka milimita 15 kwa siku mbili, ni 7.5 kwa siku, mara 0.7 ni 5.25, mara 1.15 unarudi kwenye zile milimita 6.

Mkulima asiye na Class A anaweza kutumia sufuria kubwa la shughuli, lile la kupikia pilau, kwa sababu kuta zake zimesimama wima. Karai halifai: kuta zake zimelala, na kadiri maji yanavyoshuka rula inakudanganya. Liweke mahali peupe, mbali na kivuli cha mkorosho, na pembeni ya bustani, si uani. Rula ya chuma, kopo la kupimia mvua, na daftari. Gharama ni ndogo, mradi wenye sufuria hawana harusi Jumamosi.

*Inapokosea.* Chombo kidogo hupata joto ubavuni na kukauka haraka kuliko beseni kubwa, kwa hiyo ile 0.7 si mali ya sufuria lako. Dawa yake ni kulisoma mwezi mzima, kulinganisha wastani wake na hesabu ya njia ya kwanza, na kulipa namba yake lenyewe. Halafu kuna wanyama. Kuku, mbuzi na ndege wa kiangazi wakiona maji meupe hawaombi ruhusa, na kila wanachokunywa unakiandika kama uvukizaji. Wavu wa kuku unasaidia, lakini nao unapunguza uvukizaji kidogo. Mvua ikinyesha kubwa ukakuta limefurika, siku hiyo ifute.

*Inayemfaa.* Shamba lenye mtu wa kuandika kila asubuhi saa ileile. Shule zenye bustani, vikundi vyenye katibu, na mashamba darasa yako hapa. Kwa mtu anayelala mjini na kwenda shambani mara moja kwa wiki, sufuria ni pambo.

3. Mkono na nondo

*Swali inalojibu.* Lini. Na kwa sehemu, kama maji uliyotia jana yamefika kwenye mizizi au yameishia juu.

*Inavyofanyika na inachotaka.* Chimba kwa chepe hadi futi moja karibu na shina bila kukata mizizi, chukua udongo wa chini, usichukue wa juu, na uufinye. Kichanga chenye maji ya kutosha kinaacha alama ya unyevu kiganjani lakini hakifanyi donge la kudumu. Kikikauka kinapukutika katikati ya vidole. Udongo tifutifu wenye unyevu unafanya donge linalostahimili kurushwa juu na kudakwa. Mfinyanzi unaviringika kama unga wa chapati, na ukiusukuma kwa dole gumba unatoka utepe; ukikataa kufanya utepe na kuanza kukatikakatika, kiu imeanza.

Nondo ni msaidizi wa mkono. Kipande cha nondo nyembamba, kilichonolewa ncha, kikisukumwa kwa nguvu ya mkono siku moja baada ya kumwagilia, kinapita kwenye udongo uliolowa na kugoma kikifika kwenye udongo mkavu. Pima urefu uliozama. Kama nyanya zako zina mizizi ya nusu mita na nondo inagoma kwenye sentimita 15, basi kila jioni unaosha uso wa shamba tu, na mizizi itapanda juu kuyafuata maji hayo.

Gharama: hakuna. Elimu: jicho na misimu kadhaa.

*Inapokosea.* Haitoi lita. Watu wawili wanaweza kufinya udongo uleule wakabishana. Kwenye udongo mweusi wa mbuga uliopasuka, nondo inaweza kutumbukia kwenye ufa ukadhani pamelowa. Na mkono unaona pale ulipochimba tu. Shamba lenye kichanga upande mmoja na mfinyanzi upande wa mto linataka mashimo zaidi ya moja.

*Inayemfaa.* Kila mwenye shamba dogo analoingia kila siku, na hasa walimaji wa mabondeni, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

4. Vipima unyevu vya kuchomeka

*Swali inalojibu.* Lini, kwa namba au rangi badala ya hisia.

*Inavyofanyika na inachotaka.* Tensiomita ni bomba lililojaa maji, chini lina kikombe cha udongo wa kuchomwa, juu lina saa ya kusomea mvuto. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia kikombe, na saa inaonyesha nguvu ya mvuto huo kwa sentiba. Chini ya 10, udongo umejaa maji. Kwenye kichanga wengi humwagilia mshale wa saa hiyo ukifika 20 hadi 30. Kwenye udongo mzito huweza kusubiri zaidi. Juu ya 80 hivi, hewa inaingia na kipimo kinakufa hadi ukijaze upya.

Kuna pia kipima cha Chameleon, ambacho vihisi vyake vinazikwa kwa vina tofauti na kusomwa kwa taa: buluu ni maji mengi, kijani ni unyevu wa kutosha, nyekundu ni ukavu. Hapa nchini kilijaribiwa kwenye skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa. Wakulima wengi walioona buluu chini siku zote waligundua kwamba walikuwa wanamwagilia mara nyingi kupita haja na kuisukuma mbolea chini ya mizizi, wakapunguza zamu.

*Inapokosea.* Kwenye kichanga kikubwa kikombe hakishikani vizuri na udongo, na kwenye mbuga inayopasuka kinaachana nao kabisa. Ndizo aina mbili za udongo tulizo nazo kwa wingi. Bei na upatikanaji ni kikwazo, hasa vipuri. Kipimo kimoja hakiwakilishi eka nzima. Na kifaa kinachong'aa shambani kinaweza kuondoka usiku.

*Inayemfaa.* Mwenye matone na mazao ya bei, kikundi kinachogawana gharama, au shamba lenye vibarua ambao mwenye shamba anataka wafuate rangi, wasifuate makisio.

Udongo unavyobadilisha mizani

Chukua zile milimita 6 kwa siku. Kichanga kinaweza kushika kama milimita 60 za maji yanayotumika na mmea kwa kila mita ya kina. Tifutifu kama 150. Mizizi ya nyanya ikiwa nusu mita, kichanga kina akiba ya 30, tifutifu ina 75. Nyanya haipendi akiba ishuke zaidi ya asilimia 40 kabla ya kuongezwa. Asilimia 40 ya 30 ni 12, yaani siku mbili. Asilimia 40 ya 75 ni 30, yaani siku tano.

Kiasi cha wiki ni kilekile kwa wote wawili. Tofauti ni kukigawa. Mwenye kichanga cha uwanda wa Makonde, Newala au Tandahimba, akimwaga maji ya siku tano kwa mkupuo, zaidi ya nusu inapita chini na mbolea yake. Kwa mtu huyo kosa la siku lina gharama kuliko kosa la lita. Ndiyo maana kwenye kichanga nakubali hesabu ya kukadiria, lakini sikubali ratiba ya kukadiria.

Maji ya chini na chumvi

Bondeni, iwe Lukuledi, Mbwemkuru au kando ya Ruvuma, kiangazi watu hulima penye maji yaliyo karibu na uso, na udongo wenyewe huyapandisha hadi kwenye mizizi. Hapo hesabu na sufuria zitadai lita 6,000 wakati nyanya zimeshakunywa sehemu yake kutoka chini. Wala namba si mbaya: ni kweli nyanya zimetumia lita hizo, ila si zote zilitoka kwenye ndoo yako. Mkono na tensiomita ndivyo vinavyoliona jambo hili. Chimba shimo la mita moja pembeni ya bustani. Ukikuta maji, anza na nusu ya hesabu na uuache udongo ukuongoze. Angalia tena mwezi unaofuata, kwa sababu maji hayo yanashuka kadiri Oktoba inavyokaribia.

Karibu na bahari na kwenye midomo ya mito kuna chumvi. Maji yenye chumvi yanahitaji kuongezwa kupita haja ya mmea ili kuisukuma chini, na hakuna hata njia moja kati ya hizi nne inayoliweka ongezeko hilo yenyewe. Tensiomita inaweza kusoma udongo umelowa vizuri huku majani yakiungua kingo. Hapo kinachotakiwa ni kupima chumvi ya maji kwanza.

Kwa hali yako

Huna pampu bado, unataka kununua: hesabu. Piga ya mwezi mkavu zaidi zao likiwa katikati ya umri, kisha gawa kwa asilimia ya njia yako ya kumwagilia. Pampu ya kujaribisha ipime kwa pipa la lita 200: likijaa kwa sekunde 30, lita 10,000 zitachukua dakika 25.

Una robo eka au chini, kopo la kumwagilia na mto karibu: mkono na nondo vinatosha. Fanya ile hesabu ya ndoo mara moja tu kwa msimu ili ujue kama eneo linalingana na nguvu za nyumba.

Mna kikundi chenye mipira ya matone: hesabu kwa ajili ya tangi, na kipima kimoja au viwili kwa ajili ya zamu. Kama fedha za kipima hazipo, sufuria na katibu mwaminifu vinaifanya kazi hiyo kwa karibu, mradi nondo ipite kila Jumatatu kukagua.

Mko kwenye majaruba ya mpunga, kama Kitere: mkono hauna kazi, kwa kuwa udongo umezama. Hesabu ndiyo inayobaki, na iongezewe maji yanayozama: milimita 4 kwa siku kwenye mfinyanzi mzito, hadi 8 kwenye kichanga, pamoja na kama milimita 200 za kulowesha jaruba kabla ya kupandikiza. Baada ya hapo, kijiti chenye alama kikisimamishwa ndani ya jaruba kinakuambia kina kila asubuhi.

Unakuza miche ya korosho kiangazi chake cha kwanza: usihesabu nafasi yote ya mita 12 kwa 12. Hesabu kivuli cha mche. Wenye kivuli cha mita moja ya mraba, kwa kiu ya hewa ya milimita 5, hauwezi kutumia zaidi ya lita 5 hivi kwa siku, na ukiufunika shina kwa majani makavu utahitaji kuongeza maji mara chache zaidi. Chimbua pembeni kwa mkono kabla ya kila zamu.